Kew Bridge, Crossness au Papplewick: ukiwa na Jumamosi moja tu, uende kuona mtambo upi wa mvuke?

Kila mgeni anayejua kwamba kazi yangu ni pampu huniuliza swali lilelile akifika Uingereza. Akitaka kuona mtambo mmoja tu wa kusukuma maji kwa mvuke, wa enzi za Malkia Victoria, unaotembea kweli na si picha ya ukutani, aende wapi? Nami humrudishia swali: unataka kuona maji yakiingia mjini au yakitoka?

Nauliza hivyo kwa sababu vituo vitatu ninavyovipenda kuliko vyote havikufanya kazi moja. Kew Bridge, magharibi mwa London, kilisukuma maji ya kunywa yaliyotoka mto Thames. Crossness, kusini-mashariki mwa jiji hilohilo, kilinyanyua maji taka. Papplewick, kaskazini ya Nottingham, kilivuta maji safi kutoka kisima kilichochimbwa ndani ya mwamba wa mchanga. Aliyeona kimoja akadhani ameviona vyote amejipunja.

Vingine vipo, na nitavipitia haraka. Abbey Mills, mashariki mwa London, kwa nje kinapendeza kama kanisa, lakini injini zake za mvuke ziling'olewa miaka ya 1930. Kempton Park kina injini za kutisha, kila moja ina kimo cha futi 62 na uzito wa zaidi ya tani 1,000. Lakini zilianza kazi 1929, na Victoria alifariki 1901. Crofton, huko Wiltshire, kina injini ya kampuni ya Boulton & Watt ya 1812 ambayo mpaka leo inaweza kufanya kazi yake palepale ilipofungwa, ila kazi hiyo ni kujaza mfereji wa mashua, si kumpa mtu maji ya kunywa. Ryhope, karibu na Sunderland, ni ndugu wa Papplewick kwa kazi. Anayeishi kaskazini aende huko bila kusita. Tubaki na vitatu.

Nani alitoa pesa?

Watalii wengi huanza kwa kuuliza mtambo upi ni mkubwa. Mimi naanza na mwenye kulipa, kwa sababu ukishamjua utaelewa kwa nini jengo limekaa lilivyokaa.

Kew Bridge kilikuwa mali ya kampuni binafsi, Grand Junction Waterworks. Kampuni hiyo zamani ilichota maji Chelsea, hadi mwaka 1827 kilipotoka kijitabu kilichowafichulia wateja kwamba mdomo wa bomba ulikuwa karibu kabisa na mahali mtaro wa Ranelagh ulipomwaga uchafu mtoni. Watu walikuwa wanalipia maji hayo na kuyanywa. Kelele zikawa kubwa, tume ikaundwa, na mwishowe kampuni ikahamia juu zaidi ya mto. Kew Bridge kikaanza kazi 1838. Injini ya Boulton & Watt ya 1820 iliyokuwa Chelsea haikutupwa. Ilifunguliwa kipande kwa kipande, ikabebwa, ikafungwa upya, na bado ipo ukumbini. Mfanyabiashara hatupi chuma kizima. Ndani ya nyumba za injini hutakuta nakshi nyingi, kwa kuwa pesa iliingia kwenye silinda na kwenye kupunguza makaa ya mawe, basi. Na maji yenyewe? Nyumba nyingi za London za wakati ule zilifunguliwa maji kwa saa chache tu. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa mgao ni kitu gani. Kampuni hizo za London ziliendelea kuuza maji hadi 1904, zilipochukuliwa na bodi ya umma.

Crossness kililipiwa na chombo cha jiji zima, Metropolitan Board of Works, na kisa chake kinaniuma kila nikikisimulia. Kipindupindu kilikuwa kimeipiga London mara tatu: 1831 hadi 1832, 1848 hadi 1849, kisha 1853 hadi 1854. Maelfu walikufa, wengi wao maskini, na hakuna aliyefungua mfuko. Ndipo kiangazi cha 1858 kikaja na joto kali, Thames ikanuka kama choo kilicho wazi, na bunge liko ukingoni kabisa mwa mto. Mapazia ya bungeni yalilowekwa kwenye dawa ya klorini ili wabunge waweze kukaa vitini. Sheria ikapita ndani ya wiki chache. Vifo havikuwaharakisha, harufu ikawaharakisha. Mhandisi Joseph Bazalgette akapewa pesa na madaraka, na Crossness kikafunguliwa tarehe 4 Aprili 1865 na mrithi wa kiti cha ufalme mwenyewe.

Papplewick kilikuwa cha mji. Mwaka 1880 halmashauri ya Nottingham iliinunua kampuni ya maji, na miaka minne baadaye, 1884, kituo kikakamilika chini ya mhandisi wake, Marriott Ogle Tarbotton. Hapo wenye mji walikuwa wanajijengea wenyewe, na furaha yao imeandikwa kwenye kuta. Nitaifikia.

Injini zinavyofanya kazi, na tofauti usiyotakiwa kuikosa

Injini za vituo vyote vitatu ninazozizungumzia ni za boriti: chuma kirefu cha kusubu kimelala juu kama mzani, upande mmoja silinda ya mvuke, upande wa pili pampu. Upande huu ukishuka, ule unapanda. Ukimwonyesha mtoto aliyewahi kucheza bembea ya ubao ya kupanda na kushuka shuleni, ataelewa kabla yako.

Lakini Kew Bridge kina kitu ambacho viwili vingine havina, yaani injini za aina ya Cornwall, zilizotoka kwenye migodi ya kusini-magharibi ya Uingereza. Hazina gurudumu. Hakuna kinachozunguka. Ile maarufu zaidi, ya 1846, ina silinda yenye kipenyo cha inchi 90, yaani zaidi ya mita mbili. Mtu mrefu akinyoosha mikono hafiki kingo zote mbili.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wageni wengi huondoka bila kulielewa jambo hili. Mvuke hausukumi maji. Mvuke huingia juu ya pistoni na kuibana chini. Boriti inainama upande huo na kuuinua mzigo mzito wa chuma ulio juu ya pampu. Kisha valvu inafunguka, mvuke unapita kutoka juu ya pistoni kwenda chini yake, nguvu zinalingana, na mzigo unaachiwa. Sasa mzigo unateremka taratibu kwa uzito wake na ndio unaosukuma maji kwenye bomba. Halafu kimya. Injini inatua, inangoja, kisha inaanza tena. Ukisimama karibu unasikia pumzi ikivutwa, maji yakienda, kisha kutulia. Nimefanya kazi na pampu za umeme miaka mingi na sijawahi kusikia mashine inayopumzika kila baada ya tendo moja. Faida yake ilikuwa makaa: migodi ya Cornwall iko mbali na makaa ya mawe, kwa hiyo mafundi wa kule walijifunza kubana kila kijiko, na kampuni za maji za London zikaununua ubahili huo kwa furaha.

Kwa sababu injini ya namna hiyo inasukuma kwa mapigo, na bomba likipasuka mzigo unaweza kuanguka ghafla na kuvunja kila kitu, pale nje pana mnara wa 1867 wenye kimo cha takriban mita 60. Watu hudhani ni bomba la moshi la kifahari. Ndani yake mna mabomba ya kusimama: maji yanapandishwa juu kabisa kwanza, kisha yanashuka kwenda mjini kwa mkandamizo usiorukaruka. Bila maelezo hayo utaupita ukidhani ni pambo.

Crossness na Papplewick vina injini zenye flaiwili, lile gurudumu zito linalohifadhi mwendo. Kwa macho ya mgeni zinavutia zaidi, kwa sababu mzunguko hauishi. Na kuna uzi mmoja unaoviunganisha vituo vyote vitatu: injini ya 1820 ya Kew Bridge ni ya Boulton & Watt, na kampuni hiyohiyo, baadaye ikiitwa James Watt & Co., ndiyo iliyotengeneza injini nne za Crossness na mbili za Papplewick, ambazo ni miongoni mwa za mwisho mwisho kutoka kwake. Ukivizunguka vyote unaiona nyumba moja ya ufundi ikikua hadi uzee wake.

Uzuri: Crossness na Papplewick uso kwa uso

Hapa ndipo ubishi ulipo, na nitasema wazi ninakosimama.

Crossness ni kizuri kwa namna inayokukata maneno. Nguzo na vizuizi vya chuma vilivyofumwa kama lesi, rangi nyekundu na kijani, majani na matunda ya chuma, herufi za Metropolitan Board of Works zimesukwa humohumo. Msanifu alikuwa Charles Henry Driver. Injini nne zilipewa majina ya familia ya kifalme: Victoria, Prince Consort, Albert Edward na Alexandra. Kila boriti ina tani 47, kila flaiwili tani 52. Zikienda mizunguko 11 kwa dakika, kila injini ilinyanyua takriban tani 6 za maji taka kwa pigo moja.

Sababu ya kunyanyua ni hii. Maji taka ya London ya kusini yalikuja yenyewe kwa mteremko kwenye mitaro, na yalipofika ukingoni yalikuwa chini mno kuweza kutoka mtoni. Injini ziliyapandisha hadi kwenye hodhi lililofunikwa la galoni milioni 27, yakangoja humo. Msomaji wa pwani atashika haraka kuliko mtu wa London: yalifunguliwa maji yakianza kupwa, ili mto uyabebe kuelekea baharini, na yalifungiwa maji yakijaa.

Mpango wa akili, ila ulikuwa wa kuhamisha uchafu, haukuwa wa kuusafisha. Tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria Princess Alice iligongwa na kuzama Thames, si mbali na midomo ya mitaro, muda mfupi baada ya maji taka kufunguliwa. Watu zaidi ya 600 walikufa, na waliookolewa walisimulia maji waliyoangukia. Kuanzia 1887 uchafu mzito ulianza kupakiwa melini na kumwagwa baharini, na mchezo huo ulikoma 1998 tu. Ukisimama katikati ya ile lesi ya chuma, kumbuka waliokuwa chini ya mto.

Kumbuka pia kwamba kazi iliokoa watu wengi. Kipindupindu kilirudi London 1866, na kilipiga mashariki mwa jiji, sehemu ambayo mitaro ilikuwa haijakamilika na kampuni ya maji iliwapelekea watu maji machafu. Walikufa zaidi ya 5,000. Penye mitaro hapakuwa na maafa ya namna hiyo. Wimbi hilohilo la kipindupindu lilifika kwetu: Unguja iliumia vibaya 1869 na 1870. Sayyid Barghash, aliyeingia madarakani 1870, baadaye aliwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu. Kule ardhi ilifanya kazi ambayo London iliifanya kwa makaa ya mawe.

Sasa Papplewick. Hapa hakuna majina ya wafalme. Unapanda ngazi, unaingia, na kitu cha kwanza kinachokupokea ni mwanga wenye rangi: madirisha ya vioo vilivyochorwa mimea ya majini. Kwenye nguzo kuna samaki, yungiyungi na kwarara, ndege yule wa madimbwini mwenye mdomo uliopinda, wamepakwa rangi ya dhahabu. Pale husimuliwa kwamba ujenzi uliisha chini ya bajeti na salio likaingia kwenye mapambo. Fikiria: chumba cha mashine, nje ya mji, kilichokusudiwa kuonwa na mafundi tu, na halmashauri ikaona fundi anastahili kufanya kazi ndani ya shairi la maji. Nimefanya kazi kwenye vibanda vya pampu vya bati vilivyopigwa lipu nusu, tukila chakula cha mchana tumekalia ndoo. Siku ya kwanza nilipoingia Papplewick nilisimama mlangoni muda mrefu.

Kwa hiyo kwa uzuri wa kazi ya chuma peke yake, Crossness kinashinda, sibishi. Kwa uzuri unaosema ukweli juu ya kazi ya mahali penyewe, Papplewick. Kila pambo pale ni kiumbe cha maji safi.

Kilichobaki, na kilichookolewa

Crossness kilisimama 1956 kikaachwa kwa kutu, na sehemu za pampu zikajazwa mchanga. Watu wa kujitolea walianza kukiokoa miaka ya 1980. Ili kuirudisha Prince Consort peke yake ilibidi watoe takriban tani 100 za mchanga kwa mikono yao, na injini ikatembea tena 2003. Nyingine zimebaki na kutu, na mimi naona hiyo ni faida kwa mgeni, maana unaweka jicho moja kwenye injini inayong'aa na jingine kwenye pacha wake mwekundu kwa kutu, unaelewa papo hapo miaka hiyo ya kazi ilikuwa ya nini. Maboila ya asili hayapo. Pia elewa kwamba injini zilibadilishwa mwishoni mwa karne ya 19 ziwe na silinda zaidi, kwa hiyo unachokiona si kile hasa kilichofunguliwa 1865.

Kew Bridge kiliacha mvuke 1944 na kikawa jumba la makumbusho 1975. Injini zake za boriti ziko pale zilipofanyia kazi, lakini nyingine za kuzunguka zililetwa kutoka vituo vingine. Ni shule ya aina za injini, na kwa mwanafunzi wa ufundi hakuna mahali pengine London pa kumlinganisha baba na mwana namna hiyo.

Papplewick ndicho kilichobaki kizima. Mvuke ulisimama 1969, pampu za umeme zikachukua kazi, na hakuna aliyepata muda wa kukiharibu. Maboila sita ya aina ya Lancashire yapo, tanuri zake zipo, injini mbili zipo, bwawa la kupozea maji lipo nje, na kisima cha futi 200 kipo chini ya miguu yako. Kila injini iliweza kutoa galoni milioni moja na nusu kwa siku.

Safari yenyewe

Kew Bridge ni rahisi kuliko vyote. Kituo cha treni chenye jina hilohilo kiko jirani, na ukimaliza unaweza kuvuka daraja kwenda bustani za Kew. Kwa watoto wadogo ndicho cha kuchagua, maana kuna maelezo ya historia ya maji ya jiji na vitu vya kushika kwa mkono.

Crossness unashuka Abbey Wood, kisha bado kuna mwendo wa kutosha. Kiko ndani ya eneo la kusafishia maji taka ambalo linafanya kazi hadi leo, na upepo ukigeuka utajua. Siku zake za kufunguliwa ni chache.

Papplewick bila gari ni taabu. Mkiwa watatu au wanne, changeni mafuta.

Na kwa vyote vitatu: usiende siku yoyote ile. Injini hutembezwa siku maalumu tu, kwa sababu kuwasha boila ni kazi inayoanza mapema mno na makaa ni ghali. Angalia kalenda yao kabla ya kukata tiketi. Kumsafirisha mtu kutoka Birmingham akaikute injini imelala ni kumkosesha kila kitu nilichoandika hapa. Nimefanya kosa hilo kwa mgeni wangu mmoja, na alikuwa mpole mno kulalamika.

Basi uende wapi?

Ukiwa London bila gari na una watoto, Kew Bridge. Ukiwa mtu wa historia ya afya, au mtu wa majengo, Crossness, na uende ukijua habari ya 1858 na ya 1878 pamoja. Ukiwa na Jumamosi moja tu na njia ya kufika, nenda Papplewick, na unipigie simu jioni yake.

Ukifika huko, usianzie kwenye vioo vya rangi kama wanavyofanya wote. Anzia nyuma, kwenye maboila, milango ya tanuri ikiwa wazi na mtu wa makaa akitupia koleo. Simama hadi joto likufukuze. Fuata bomba la mvuke kwa macho hadi linapoingia nyumba ya injini. Panda hadi kwenye boriti, uihisi sakafu ikitetema, ushuke tena taratibu. Vioo na kwarara viache vya mwisho, na kabla ya kutoka uliza kisima kiko wapi, ukainame usikilize.